Meza ya Mlangoni na Kadhi wa Baghdad

Tangu niondoke mezani simu yangu haipumziki. Wenzangu wa stoo mnauliza swali lile lile kila mtu kwa sauti yake: Mama Upendo, umefukuzwa? Umegombana tena na Mwenyekiti? Au umepata oda kubwa unatuficha? Nimejibu mpaka nimechoka. Naandika mara hii moja, msome wote, halafu mniache ninywe chai yangu kwa amani. Na nitaanza mwanzo kabisa, maana jambo lililoniondoa mezani lilianza siku yangu ya kwanza kazini, na aliyeniudhi kuliko watu wote wa Guangzhou ni mtu aliyekufa karibu miaka elfu moja iliyopita.

Nilikuja huku China nikimfuata mume wangu, Baba Upendo, aliyekuwa mpishi kwenye mgahawa wa Wakongo pale mtaa wa Xiaobei. Baba Upendo hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa anafikiri kwanza. Alisikia kwamba stoo ya Watanzania huko Sanyuanli inatafuta mkaguzi wa mizigo. Akajua fika kwamba mke wake amekagua vitenge kiwandani Morogoro miaka kumi na minne. Akaniambia baada ya siku tatu, tena tukiwa tunakunja nguo. Nilikimbia huko na ndala za bafuni.

Kwa mgeni anayesoma haya, stoo yetu ilikuwa hivi. Wafanyabiashara wa Dar, Zanzibar, Mwanza, Mbeya na kwingineko, ambao mzigo wa mmoja haujazi kontena, walipanga stoo kwa pamoja na kujaza makontena kwa kuchangia. Kabla katoni haijapakiwa, ilipita kwenye meza. Meza yenyewe iliwekwa mlangoni hasa, nusu ndani, nusu kwenye jua. Juu yake palikuwa na kisu cha katoni, gundi ya kufungia, kalamu ya wino mzito, mizani ya kuning'iniza na sampuli ya kila oda iliyotiwa saini. Nyuma yake alikaa Maalim Mbarouk, Mzanzibari mwenye kofia ya mkono na chupa ya chai ya tangawizi ambayo hakumgawia mtu. Alikuwa amesomesha madrasa kabla ya kuingia kwenye biashara, na ualimu haukumtoka.

Nilitegemea aniulize habari za mishono. Akaniuliza, "Bi Eliza, unajua masharti ya mtu kuwa khalifa?"

Mimi ni Mbena wa Njombe, Mluteri tangu utotoni, na nilikuwa nimekuja kukagua zipu. Nikamjibu kwamba siyajui, na sidhani kama khalifa ana mzigo hapa. Hakucheka hata kidogo. Alifungua droo akatoa daftari la skuli lenye jalada la buluu, akaliweka mbele yangu, akasema, "Basi anza kusoma. Kwa sauti."

Ndiyo nikamjua Kadhi. Alikuwa mwanachuoni wa sheria, kadhi wa Baghdad, zama ambazo khalifa alibaki na jina na kiti huku majemadari wageni wakishika jeshi na mji. Katikati ya vurugu hiyo aliketi akaandika kitabu cha utawala: nani anafaa kuongoza, anawekwaje, anaondokaje, waziri ana mamlaka gani, kadhi ahukumu vipi, mpaka kwa msimamizi wa soko anayetazama mizani na vipimo. Maalim alikuwa amekifasiri kitabu kizima kwa Kiswahili, kwa mkono wake, katika madaftari kumi na moja. Alikuwa ameamua kwamba stoo ya Sanyuanli ni dola ndogo, na kwamba itaendeshwa inavyostahili.

Sasa msimamizi wa soko, ambaye ndiye mwenye kazi kama yangu, yuko mwishoni mwa kitabu. Nikaomba tuanzie huko. Hapana. Eti mtu hasomi mwisho kabla ya mwanzo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mizigo haijafika, mimi nilisoma mambo ya makhalifa kwa sauti nikiwa nimeshika kisu cha katoni, na madereva wa vigari vya mizigo wakipita wakinitazama. Wachina wa duka la jirani waliamini kwamba ninasali. Nilivumilia wiki ya kwanza kwa adabu, ya pili kwa kung'ata meno, na ya tatu nikamwambia Maalim wazi kwamba ananichosha. Akasema tumefika kwa mawaziri, nitafurahi.

Mawaziri wa Kadhi ni wa namna mbili. Yuko anayekabidhiwa mamlaka akaamua mwenyewe, na yuko mtekelezaji tu, anayepeleka amri na kurudisha habari. Maalim akaniambia mimi ni huyo wa pili. Akaongeza, kama mtu anayekuletea zawadi, kwamba Kadhi ameruhusu waziri mtekelezaji awe asiye Mwislamu. Nikamuuliza Kadhi anasemaje kuhusu mwanamke. Maalim akafunua ukurasa mwingine akasema mzigo wa Mwanza umechelewa leo.

Mtaniuliza kama kulikuwa na faida yoyote. Ilikuwepo, na ndiyo iliyoniudhi zaidi. Kanuni zote mnazozifuata mezani leo zilitoka humo, ila tu hamjui. Katoni moja kati ya kumi inafunguliwa, mwenye mzigo akiwepo, mbele ya yeyote anayepita. Zipu inafungwa na kufunguliwa mara thelathini. Mkanda wa mkoba unaning'inizwa na uzito mpaka kikombe cha chai kiishe. Rangi inalinganishwa na sampuli juani, si chini ya taa, kwa sababu taa za maduka ya huku zitakuuzia kijivu ukaona buluu. Na mkaguzi haendi kunusa kwenye vyumba vya watu. Kadhi amesema msimamizi wa soko anashughulika na baya lililo wazi, lisilohitaji shahidi. La siri si lake. Mara moja nilinong'onezwa kwamba jamaa fulani ameficha betri ndani ya katoni za viatu chumbani kwake, nikataka kwenda. Maalim akanikatalia, akasema kitu kikija mezani tutakiona. Nilinuna siku mbili. Zikaja katoni, tukazifungua zote mlangoni, humo mlikuwa na viatu tu.

Hata Mwenyekiti wetu alipata kifungu chake. Mnamjua alivyopata kiti: mwenyekiti wa kabla yake alikwenda Yiwu kununua bidhaa, akarudi akakuta mkutano umeshafanyika na mhuri umebadilisha mfuko. Mimi nilitaka tumgomee. Maalim akanisomesha habari ya amiri aliyeitwaa nchi kwa nguvu, kwamba Kadhi ameona heri atambuliwe kwa masharti kuliko hukumu zote na mikataba yote ya watu kuwa batili. Nikamwambia Kadhi wake ni mwoga. Akanijibu taratibu, "Kadhi alikuwa na watu wa kuwalinda, Bi Eliza. Wewe una hasira tu." Nilikaa siku nzima bila kumsemesha, na kusema kweli hakuona tofauti.

Hapo, kwenye kuona, ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Mwaka wa tano au wa sita wa kazi yangu nilianza kugundua mambo. Maalim aliacha kuninyang'anya daftari na kunionyesha mstari kwa kidole. Alianza kusikiliza akiwa amefumba macho, nami nikadhani ni uchaji. Alimwaga chai nje ya kikombe. Mtu akija alisubiri aongee kwanza ndipo amsalimie kwa jina, yeye ambaye zamani alikuwa akimjua mteja kwa mwendo tangu kona ya barabara. Na kulikuwa na sehemu moja katika daftari la kwanza, kwenye masharti ya kiongozi, ambapo kila tukifika aliinua mkono akasema, "Ruka hapo, hayo tunayajua."

Sikuwa mjinga. Nilielewa kwamba miaka yote ile, nilipokuwa nikilalamika kwamba ananilazimisha kusoma kwa ukaidi, huenda tangu mwanzo alikuwa akihitaji mtu wa kumsomea. Mwandiko wake mwenyewe ulikuwa umeanza kumkimbia. Na mimi, badala ya kusema, nilifanya ujinga wangu. Nilianza kukaribisha watu kwa majina, kwa sauti ya muuza samaki. "Karibu, Mama Jeni! Karibu, Salum wa Kariakoo!" Maalim anasikia, anainua uso, anasema, "Ahlan, Mama Jeni, watoto hawajambo?" Watu wakasifu kumbukumbu yake. Yeye alidhani sijui. Mimi nilijifanya sijui kwamba anadhani sijui. Tukaendesha dola hivyo mwaka mzima. Nilikuwa nikimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja, na sikujua hisia ipi niitoe kwanza.

Mama Jeni huyo ndiye aliyeangukiwa na hayo yote. Alikuwa mfanyabiashara wa Tukuyu, mama mnene wa vicheko, mwenye kuja Guangzhou mara mbili kwa mwaka. Safari ile alikuwa ametumwa na akinamama wa kanisa lake, waliokuwa wanajiandaa kwa jubilei. Walitaka mikoba ya ngozi, ya rangi moja, ya kubeba kwenye maandamano: damu ya mzee, ilingane na vitambaa vyao vya kichwani. Walikuwa wamemtuma yeye badala ya mama mwingine ambaye naye aliitaka sana kazi hiyo, na walimtuma baada ya maneno mengi. Alituambia pale mezani, akicheka lakini hacheki, "Maalim, nikikosea hii sina pa kukaa kanisani. Nitahamia kwa Wapentekoste."

Tuliagiza Shiling, kule kwenye mji wa mikoba. Utaratibu wetu ni kwamba kabla mzigo haujatoka kiwandani, mkaguzi anakodi gari anakwenda, anakagua, anatia saini. Siku ilipofika ilikuwa msimu wa maonyesho makubwa ya biashara, na Mwenyekiti akanitaka huko Pazhou yanakofanyika nikasaidie wageni kuelewana na viwanda. Maalim akasema atakwenda Shiling peke yake. Nilisimama pale na begi langu begani. Nilijua. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Maalim, tusubiri kesho twende wote," au kumwambia Mwenyekiti atafute mtu mwingine. Nikasema, "Safari njema, Maalim." Halafu nikapanda treni nikaenda Pazhou, nikashinda kwenye kumbi zile kubwa nikitafsiri bei za majiko, na sikula siku nzima.

Mzigo uliingia siku nne baadaye. Mama Jeni alikuwa ameshafika, na Mwenyekiti alikuwepo pamoja na wafanyabiashara wengine wanne waliokuwa wanasubiri zamu zao. Nikachana gundi. Maalim kasimama ubavuni kwangu, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya kuridhika, "Kazi safi. Nimeipitia mwenyewe." Nikafungua. Nikatoa mkoba nikauweka juani kando ya sampuli.

Ulikuwa wa kahawia. Kahawia ya kiatu cha askari. Nikafungua katoni ya pili na ya tatu, kahawia tupu.

Mishono ilikuwa mizuri ajabu. Zipu zilikuwa laini, mikanda imara, bitana imekaa sawasawa. Kila kitu ambacho mkono unaweza kukikagua kilikuwa sahihi. Mama Jeni aliinua mkoba mmoja, akautazama, akauweka chini polepole, akauliza, "Hii ni ya nani?"

Mwenyekiti akampigia laoban, yaani mwenye kiwanda, na kuweka simu isikike kwa wote. Laoban hakubabaika. Ngozi ya damu ya mzee ilikuwa imeisha, akasema, meiyou, hakuna, akaweka kahawia. Mtu wetu amekuja, amekagua, ametia saini, karatasi hii hapa. Akatuma picha. Saini ilikuwa ya Maalim.

Mnajua watu wetu. Haikupita dakika mmoja akasema kwa chini, lakini si chini sana, kwamba mzee kapewa kitu Shiling. Mwingine akasema ndiyo maana alikataa kwenda na mwenzake. Mwenyekiti, ambaye alikuwa na hamu ya meza hiyo tangu siku aliyotwaa mhuri, akasafisha koo akasema, "Maalim, tunakuheshimu, lakini hapa tunakudai maelezo. Ama ulinunuliwa, ama sijui nini."

Nilimtazama Maalim nikimngojea aseme. Akawa anapapasa ule mkoba, anafungua zipu, anafunga, anafungua, kama mtu anayehesabu. Nilijawa na hasira ambayo mpaka leo siwezi kuieleza. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumpa hata soda akapokea. Na sasa alikuwa radhi aitwe mla rushwa kuliko aitwe kipofu. Nikafungua mdomo nimseme mimi. Akaniwahi.

"Bi Eliza," akasema, "leta daftari la kwanza. Soma pale tunaporuka."

"Maalim, siyo sasa."

"Soma. Wewe ni mtekelezaji."

Nikaleta. Nikasoma mbele yao wote namna Kadhi anavyoeleza kasoro za viungo na fahamu zinazomtoa kiongozi kwenye kiti chake. Kwamba kupofuka kunamtoa. Kwamba asiyeona giza likiingia, lakini mchana anaona, hatolewi. Na kwamba mwenye macho dhaifu anaangaliwa: kama akiona watu anawajua ni nani, abaki, kama anaona umbo la mtu mbele yake lakini hajui ni nani, aondoke.

Maalim akainua uso. "Mama Jeni yuko wapi nimwombe radhi?"

Mama Jeni alikuwa amesimama mbele yake, hatua mbili tu, tangu mwanzo. Akasema kwa sauti ndogo, "Niko hapa, Maalim."

"Sauti naijua," akasema. "Mtu namwona. Kama usingesema, nisingejua ni wewe." Akauweka mkoba mezani. "Sikupewa kitu na mtu Shiling. Nilishika ngozi, nikavuta zipu, nikahesabu mishono kwa kidole. Rangi sikuiona. Nilitaka kumuuliza dereva ni rangi gani, nikaona haya."

Akalifungua lile shada la funguo za stoo kiunoni, akaitafuta meza kwa mkono, akaliweka. Mwenyekiti alinyoosha shingo kama anataka kulichukua, halafu akaona bora atazame simu yake. Mama Jeni alikuwa analia. Ghafla akanigeukia mimi. "Na wewe, Mama Upendo, ulijua?"

Nikasema, "Nilijua."

"Na ulikwenda Pazhou."

Nimewahi kukemewa na wenye viwanda, na maofisa, na mama mkwe, lakini maneno yale matatu ya Mama Jeni ndiyo ninayolala nayo. Katika Kadhi mzima hamna kifungu cha waziri aliyenyamaza kwa huruma, na hata kingekuwemo nina hakika kisingenisaidia.

Kesho yake alfajiri tulikwenda Shiling watatu, Maalim, Mama Jeni na mimi. Laoban akasema meiyou kwa saa mbili. Tukazunguka kiwanda kwa kiwanda tukiwa na sampuli mkononi. Mimi natazama rangi, Maalim anashika ngozi kuhakikisha si plastiki, na Mama Jeni anabembeleza kwa Kinyakyusa, na sijui ni kwa nini kilifanya kazi. Tukapata ngozi ya damu ya mzee ya kutosha theluthi ya mikoba. Laoban, alipoona tumerudi na hatuondoki ofisini kwake, akakubali kushona. Ilitoka siku tisa baadaye ikapelekwa Baiyun ikapanda ndege. Ile ya kahawia tayari ilikuwa imetangulia kwa ndege pia, maana hapakuwa na muda wa meli.

Mama Jeni akanitumia picha ya maandamano. Mistari ya mbele damu ya mzee, ya nyuma kahawia, imepangwa vizuri kabisa. Aliniandikia kwamba amewaambia ndivyo mitindo ya Guangzhou ilivyo mwaka huu, na kwamba yule mama aliyekuwa akimwonea wivu ameomba wa kahawia. Chini yake akaongeza: lakini usinifanyie tena. Sikumfanyia tena.

Maalim alirudi Zanzibar baada ya miezi miwili. Aliniachia funguo na madaftari kumi na moja, na akamwambia Mwenyekiti mbele yangu kwamba kuanzia leo mimi si mtekelezaji, nimekabidhiwa. Nikamuuliza Kadhi anasemaje kuhusu mwanamke. Akasema, "Kadhi hakufika Sanyuanli." Ndiyo mara ya pekee nilimsikia akimpinga.

Nilidhani nimepumzika. Kumbe. Kila Ijumaa asubuhi, mvua au jua, simu inalia. "Bi Eliza, hebu nisomee." Na mimi, mwenye mizigo imenipanda mpaka shingoni, nasimama mlangoni namsomea mtu wa Zanzibar mambo ya zaka na ngawira. Nimesoma kitabu kile mara nyingi kuliko nilivyosoma Nyaraka za Mtume Paulo, Mungu anisamehe.

Sasa nifike kwenye swali lenu. Mnamjua Bi Rukia, niliyefanya naye kazi miaka minane, mama wa watoto watatu, mkono wake kwenye mkanda wa mkoba haudanganyiki. Mwaka jana Bi Rukia alianza kupiga kelele. Mtu akitokea tu kwenye kona, "Karibu, Mama Jeni! Karibu, Kaka Daudi wa Arusha!" Nilimkemea. Nikamwambia hapa si sokoni Mabibo, ashushe sauti. Akasema, "Sawa, Mama Upendo," kesho yake akaendelea. Nikamkemea tena. Mimi, ambaye mbinu hiyo niliibuni kwa mdomo wangu, ilinichukua miezi kuitambua, na hata nilipoitambua nilijiambia Rukia ana uchangamfu.

Halafu Ijumaa moja nilikuwa namsomea Maalim, akanikatiza. "Bi Eliza, umeruka mstari." Nikasema sijaruka. Akasema, "Unasoma au unakariri?" Nikakata simu kwa kisingizio cha mzigo. Daftari lilikuwa limefunguka mbele yangu, na mwandiko wa Maalim ulikuwa kama chai iliyomwagika. Nilikuwa nimekariri kwa miezi.

Bado sikuondoka. Nawaambia ukweli ili msije mkanifanya mtakatifu. Nilinunua miwani mipya, nikailaumu. Nikahamisha meza nusu hatua zaidi juani. Nikawa kila rangi namwomba Rukia "athibitishe", kama mtu mkubwa anayemfundisha mdogo. Wakati huo kila mzigo uliopita ulikuwa wa mtu, na kila mtu huyo alikuwa na akinamama wake wanaomsubiri mahali.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, jua kali, mtu alisimama mlangoni na katoni begani. Rukia alikuwa nyuma yangu anafunga gundi. Alimwona, najua alimwona, maana gundi ilinyamaza. Lakini hakutaja jina. Mtu mwenyewe naye akasimama tu, hasemi. Nikaona shati, nikaona katoni, nikaona umbo la mwanamume. Nikanyoosha mkono kuelekea kisu.

"Karibu, kaka," nikamwambia. "Weka hapa mezani tuone umeleta nini. Mzigo unakwenda wapi?"

Hakujibu upesi. Alifikiri kwanza.

"Mama Upendo," akasema Baba Upendo, "ni mimi."

Nilimsikia Rukia akivuta pumzi. Alikuwa amenitajia Guangzhou nzima kwa majina, mmoja mmoja, akamwacha huyo peke yake, kwa sababu nani angefikiri huyo naye anahitaji kutajwa. Nikafungua droo nikatoa daftari la kwanza, nikampa. Nikamwambia asome pale ninapopajua kwa kichwa. Alisoma akiwa analia, na kabla hajafika mwisho nilikuwa nimeshazifungua funguo kiunoni.